Sonona na Kazi Ndogo za Kila Siku
Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi



Kila katibu wa chama cha msingi anayo kabatini mwake hati ambayo hata mganga wa wilaya hana. Hati hiyo ni daftari la mapokezi ya mazao. Ndani yake huonekana, msimu kwa msimu, nani alileta magunia mangapi, siku gani, na nani aliacha kuleta. Jina la mtu likikosekana mizanini, mambo matatu hudhaniwa. Huenda amezembea, huenda ameuza kahawa yake ingali mtini, biashara ile iitwayo butura, au huenda amempelekea mlanguzi usiku ili kukwepa kukatwa deni la pembejeo. Dhana hizo aghalabu ni za kweli, wala hapa hapana nia ya kumtetea mlanguzi. Walakini iko sababu ya nne ambayo ni nadra kuandikwa katika taarifa ya ukaguzi, nayo ndiyo inayozungumzwa leo: yawezekana mwanachama huyo ni mgonjwa, na ugonjwa wake hauna jipu wala homa. Waganga huuita sonona.

Huzuni ni jambo la kila mwanadamu. Mtu akifiwa hulia, naye asipolia watu humshangaa. Mkoa wa Kagera, ambao ndio utakaotolewa mifano kwa kuwa ni nchi ya mibuni na migomba, umeona misiba isiyo haba: vita vya mwaka 1978 na 1979, UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini Tanzania waligunduliwa mkoani humo mwaka 1983, mnyauko wa mibuni uliothibitishwa mwaka 1997, mnyauko wa migomba uliofuata miaka michache baadaye, na tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba, 2016. Katika yote hayo watu wengi walihuzunika, wakasaidiwa na majirani, wakarudi mashambani. Huo haukuwa ugonjwa.

Sonona ni hali nyingine. Kwa muda wa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku na kwa sehemu kubwa ya siku, moyo wa mtu huwa umezama, au mambo yote yaliyokuwa yakimpendeza huwa yamechujuka, hayana ladha tena. Pamoja na hayo usingizi hupotea au huzidi kiasi, chakula hakiliki, mwili huchoka pasipo kazi, akili haikusanyiki, na mtu hujiona hana thamani mbele ya watoto wake. Wengine huanza kutamani kufa. Mara nyingi mgonjwa mwenyewe hasemi kwamba ana huzuni. Husema kichwa kinamgonga, au mgongo unamwuma, au ana mawazo mengi. Ng'ambo ya mpaka, katika Masaka na Rakai nchini Uganda, watafiti walikuta wanavijiji wana majina yao wenyewe ya hali zinazofanana na hii: yo'kwekyawa, yaani mtu kujichukia, na okwekubazida, yaani mtu kujihurumia. Watu waliujua ugonjwa huu kabla ya madaktari kufika na fomu zao.

Na uchukuliwe mfano wa mwanachama mmoja. Mfano huu ni wa kutungwa, lakini kila katibu atamtambua mtu wake ndani yake. Ni mzee wa miaka 58, mwenye kibanja cha ekari mbili, aliyewahi kuwa mjumbe wa bodi. Mkewe alifariki. Matanga yalipokwisha majirani walirejea makwao, nao watoto wakarudi mjini kazini. Kwanza mzee aliacha kupogolea mibuni, kwa sababu kazi ile walikuwa wakiifanya wawili. Kisha aliacha kwenda kucheza bao karibu na ghala la chama, kwa sababu watu wangemwuliza habari naye hakuwa na habari ya kuwapa. Akaacha kwaya. Akaacha kuhudhuria mikutano. Redio iliishiwa betri asinunue nyingine. Mchana alilala, usiku akakesha akihesabu makosa yake ya miaka thelathini. Msimu uliotangulia alileta magunia saba. Msimu huo alileta gunia moja, tena la kahawa isiyokauka vizuri.

Ni vema kuangalia kwa makini jinsi alivyofika hapo, kwa maana hapo ndipo penye ufunguo. Kila jambo aliloliacha lilimpa nafuu kidogo, kwa kuwa lilimwepusha na macho ya watu na uzito wa kazi. Lakini kila jambo aliloliacha lilikuwa pia miongoni mwa yale machache yaliyokuwa yakimchangamsha: kicheko cha wacheza bao, sauti ya kwaya, kuuona mti uliopogolewa ukichipua upya. Alipoyapunguza, moyo ulizidi kuzama. Ulipozidi kuzama, akazidi kuyapunguza. Mtu akizunguka hivyo kwa miezi sita, kinachobaki ni kitanda na ukuta.

Bodi ya chama, kwa kufuata masharti, ilimwandikia barua ya onyo. Ilimkumbusha deni la pembejeo na mikutano mitatu aliyokosa. Bodi haikuvunja sheria yoyote. Mzee aliisoma barua, akaikunja, akaona kwamba sasa hata chama kimethibitisha yale aliyokuwa akijiambia usiku: kwamba yeye si kitu. Baada ya hapo hata lile gunia moja lisingeletwa tena.

Watu wema humwambia mgonjwa wa namna hii ajikaze. Wengine, walio wapole zaidi, humwambia apumzike mpaka hamu ya kazi irudi. Shauri la kwanza humdhalilisha. La pili linaonekana la huruma, lakini ndilo linalomchelewesha zaidi. Katika sonona hamu haitangulii tendo. Tendo ndilo hutangulia, nayo hamu huja nyuma yake, pengine siku nyingi baadaye. Anayengoja hamu ili ainuke atangoja sana.

Wazo hili lina historia yake. Katika miaka ya 1970 Peter Lewinsohn, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Oregon nchini Marekani, alishikilia kwamba mtu huzama katika sonona pale matendo yake yanapoacha kumletea mambo ya kumfurahisha. Yeye na mwenzake Douglas MacPhillamy walitunga orodha ya mambo 320 yapendezayo, mengi yao ya kawaida kabisa, wakawauliza watu kila jambo lilitokea mara ngapi katika mwezi uliopita na liliwapendeza kiasi gani. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walitoa matokeo ya wagonjwa wapatao 150: waliosaidiwa kurudia shughuli peke yake walipata nafuu sawa na wale waliopewa pia mafunzo marefu ya kurekebisha fikira. Nchini Uingereza, mwaka 2016, jaribio la watu wazima 440 lilionyesha kwamba watumishi wa ngazi ya chini waliofundishwa njia hii hawakuzidiwa na wataalamu wenye kisomo kikubwa waliotumia njia ngumu zaidi.

Hata hivyo jaribio linalowahusu zaidi wasomaji wa jarida hili lilifanyika Goa, nchini India, na matokeo yake yalitolewa mwishoni mwa mwaka 2016. Wagonjwa 495 wenye sonona iliyokwisha kuwa kali walipatikana katika vituo 10 vya afya. Waliowahudumia hawakuwa madaktari wala wauguzi. Walikuwa raia wa kawaida waliopewa mafunzo na kusimamiwa, wakakutana na kila mgonjwa kwa mpango wa mara 6 hadi 8 na kumsaidia kupanga shughuli zake. Baada ya miezi 3, asilimia 64 ya waliohudumiwa hivyo walikuwa wametoka katika ugonjwa. Kwa waliopata huduma ya kawaida ya kituo ilikuwa asilimia 39. Msomaji mwangalifu ataona kwamba katika kila watu mia, thelathini na sita hawakutoka. Njia hii si uchawi.

Yafanywaje basi? Hatua ya kwanza ni daftari, na hapo wanaushirika hawahitaji kufundishwa sana. Mgonjwa, au mtoto wake akiwa yeye hajui kuandika, huandika kwa siku saba kila alichokifanya saa kwa saa, na pembeni huandika alama ya moyo wake kutoka sifuri hadi kumi. Siku nyingi zitakuwa na alama za chini. Lakini hazitakuwa sawasawa. Itaonekana, kwa mfano, kwamba Jumanne asubuhi mjukuu alipokuja kuomba ndizi alama ilikuwa nne, na mchana kutwa kitandani ikawa moja. Mgonjwa huwa hajaliona jambo hilo, kwa maana ugonjwa humfanya aamini kwamba siku zake zote ni za giza moja.

Hatua ya pili ni kuchagua matendo mawili au matatu tu, madogo, na kuyafungia siku na saa. Hapa watu hukosea kwa kutaka makubwa. Kumwambia mzee yule apalilie kibanja kizima ni kumwandalia kushindwa. Apogolee mibuni mitano, Jumatano, saa mbili asubuhi, kisha arudi nyumbani hata kama ana nguvu ya kuendelea. Kama mitano ni mingi, iwe miwili. Tendo liandikwe kwa namna ambayo jioni mtu aweza kujibu ndiyo au hapana. "Nitajitahidi kuchangamka" si tendo. "Nitakwenda kwa jirani kuazima shoka" ni tendo.

Tena yasiwe ya kazi peke yake. Jambo hili linahitaji mkazo, kwa sababu ushirika una tabia ya kumtazama mtu kwa kilo anazoleta. Mtu aliyepona hupatikana katika starehe ndogo kama anavyopatikana katika kazi. Kagera haina upungufu wa starehe hizo, wala si lazima ziwe za fedha: kuwafuata senene pamoja na watoto wakati wa msimu wao, Novemba na Desemba, kumsikiliza mpiga nanga, kukaa na mgeni huku mkitafuna kahawa, kusikiliza mpira redioni, kusuka mkeka, kwenda kuoga ziwani, kuketi juani asubuhi badala ya kitandani. Kila mtu ana yake. Yanayomchangamsha katibu yaweza kumchosha mwanachama, kwa hiyo aulizwe mwenyewe alikuwa akipenda nini kabla hajaugua.

Na aambiwe mapema kwamba mara ya kwanza hataona utamu wowote. Atakwenda baoni, atacheza mikono miwili, atarudi akisema hakuna maana. Hiyo ni kawaida ya ugonjwa. Aandike alama yake, hata ikiwa mbili, na Ijumaa arudi tena. Mzee wa mfano wetu alipogolea mibuni mitano juma la kwanza. Juma la pili mvua ilinyesha siku nne, akarudia kulala, akataka kulitupa daftari. Jirani aliyekuwa akimsaidia hakumhutubia. Alikuja asubuhi na panga lake na kusema, "Shikamoo Mzee, nimekuja tumalizie ule mstari wa karibu na njia." Wakapogolea miti mitatu chini ya manyunyu. Kumbe msaada mkubwa katika njia hii ni mtu mmoja tu mwenye kuitunza ahadi yake ya saa.

Neno moja kuhusu pombe. Mtu aweza kusema kwamba rubisi nayo ni starehe ya kila siku, na kwamba kilabuni kuna watu. Ni kweli kuna watu. Lakini daftari la alama likitunzwa kwa uaminifu litaonyesha habari yote: jioni sita, asubuhi sifuri, na usingizi uliokatika saa tisa za usiku. Kinachopandisha moyo kwa saa mbili na kuushusha siku mbili hakiingii katika orodha.

Sasa kuhusu wajibu wa chama. Kabla ya barua ya onyo kupelekwa kwa mwanachama ambaye miaka yote alikuwa mwaminifu, na atumwe mtu kumwona. Asitumwe mtu wa kudai. Atumwe mtu wa rika lake au jirani anayeaminika, aende kama ajuaye kusabahi. Akikuta dalili zilizotajwa, asizitangaze. Ugonjwa wa mwanachama hauandikwi katika muhtasari wa mkutano. Deni halifutwi kwa sababu ya sonona, na hakuna anayeomba hivyo, lakini bodi yaweza kuzungumza naye juu ya muda wa kulipa, na mara nyingi ahueni hiyo ndiyo inayomwezesha mtu kuonekana tena hadharani. Kisha apewe jambo dogo la kufanya chamani, lenye siku na saa: kumwagilia kitalu cha miche kila Jumatatu, kumsaidia karani kuhesabu magunia matupu. Jambo hilo liwe la kweli. Watu hutambua upesi kazi ya kubuniwa kwa ajili ya kuwahurumia.

Lakini daftari la mapokezi lina upofu wake, na hapana budi usemwe. Mahali pengi jina lililoandikwa ni la mume. Kahawa hupaliliwa, huchumwa na kuanikwa na mke, nayo huingia mizanini kwa namba ya mwanamume. Sonona huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na mama aliyezama anaweza kuendelea kupika na kuchota maji kwa miaka, kwa kuwa hakuna atakayempokea kazi hizo, huku kila kilichokuwa chake mwenyewe kimekwisha kuachwa: kikundi cha akina mama, ukili, kwenda kumwona dada yake. Kwake shauri la kuongeza shughuli litakuwa dhihaka kama hakupunguziwa mzigo kwanza. Katibu anayetaka kuwajua wagonjwa wa aina hii hatawapata kabatini. Yampasa awaulize viongozi wa vikundi vya akina mama nani haonekani siku hizi.

Jambo la mwisho ni zito, na linahusu ghala. Vyama vingi huuza viuatilifu. Sumu hizo ni miongoni mwa njia kuu ambazo watu wa vijijini duniani hutumia kujiua, na wengi hufanya hivyo katika saa chache za kukata tamaa, wakiwa na sumu karibu. Ikiwa sumu iko mbali, saa hizo mara nyingi hupita na mtu akabaki hai. Kwa hiyo stoo ya dawa ifungwe kwa kufuli daima, ufunguo uwe kwa mtu mmoja anayejulikana, na kila chupa inayotoka iandikwe. Panapokuwa na mwanachama anayejulikana kuwa katika hali hii, ndugu zake waombwe kuzitoa dawa zilizobaki nyumbani na kuzileta zitunzwe chamani. Mtu akishukiwa kuwaza kifo, aulizwe waziwazi na kwa upole kama anafikiri kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo moyoni, bali humpa nafasi ya kulisema. Akikubali, asiachwe peke yake hata kidogo, na apelekwe siku hiyohiyo kituo cha afya au hospitali. Hapo mambo ya kupogolea mibuni mitano yawekwe kando kwanza.

Kadhalika aende hospitali yule asiyekula, asiyeinuka, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au ambaye majuma kadhaa ya kujaribu hayakumletea unafuu wowote. Dawa za sonona zipo. Huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake, nazo zaweza kutumika pamoja na mpango huu wa shughuli bila kugongana. Mhudumu wa afya ndiye wa kuamua, wala si katibu.

Mzee wa mfano wetu hakuhitaji kufika huko. Juma la tisa alikuja mizanini na debe moja, si zaidi. Karani akapima, akaandika stakabadhi, akamwuliza kama jioni atakuja baoni. Mzee akasema ataona.